Hataza ya dawa ilishaisha, mbona kaunta hawatuambii?

Mhariri, habari za kazi. Nawaandikia toka Uyole, Mbeya, nina jambo la dawa hapa linanikera.

Mama yangu yuko Tukuyu, ana presha, na mimi ndo namnunulia vidonge kila mwezi. Miaka yote nimechukua boksi la aina moja tu kwa sababu dada wa duka la dawa pale Mwanjelwa aliniambia kaka hii ndo orijino, hizo zingine za India zinachelewa kufanya kazi, na ukishaambiwa hivyo kuhusu mama yako utabisha nini, unatoa hela. Sasa mwezi uliopita nikakuta zimeisha, nikaingia duka la pili, mfamasia kijana tu, akaweka maboksi mawili kwenye kaunta akanionyesha kwa ukucha yale maandishi madogo chini ya jina kubwa. Yote amlodipini, yote miligramu 5. Tofauti ya bei peke yake ilitosha nauli ya Tukuyu kwenda na kurudi, na soda juu!

Nikaanza kufuatilia. Kumbe kampuni ikigundua dawa inapewa hataza, au patenti kama wengi tunavyosema, miaka 20 kuanzia siku ilipoomba, na kwa muda huo hakuna mwingine wa kuitengeneza bila ruhusa yake. Sawa, walitumia hela, na miaka mingi hapo inaliwa na majaribio kabla kidonge hakijafika sokoni, siwalaumu. Ila amlodipini kule Marekani ulinzi uliisha 2007. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anajiandikisha NIDA na mimi bado nalipia jina.

Na saa nyingine kampuni haitaki kuachia. Bedakwilini, dawa ya TB sugu (wachimbaji wa Chunya mnaijua TB, siwaelezi), hataza yake kuu iliisha Julai 2023, lakini kampuni ilikuwa imeomba nyingine India juu ya chumvi ya dawa hiyohiyo (yaani umbo lake la kikemikali, sio chumvi ya mboga), ambayo ingesogeza mambo mpaka 2027. Wadada wawili walioponea chupuchupu na TB sugu, mmoja Mhindi mmoja wa Afrika Kusini, wakaweka pingamizi na Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ikaitupa ile ya pili. Agosti mwaka huohuo bei ya dozi ya miezi 6 kwa nchi zinazonunua kupitia Global Drug Facility, mpango wa kimataifa wa kununua dawa za TB, ikashuka toka karibu dola 290 hadi 130. Wadada wawili tu jamani.

Sisi wenyewe WTO, lile shirika la biashara la dunia, imeturuhusu, pamoja na nchi zingine maskini zaidi, tusilazimike kulinda hataza za dawa mpaka 1 Januari 2033. Nani analijua hilo huku?

Najua kuna watakaosema ya bei chee ni feki. Feki ipo, sikatai, ila anayefoji si atafoji ile yenye jina na bei kali? Na kazi ya kuchuja ni ya TMDA, mamlaka yetu ya dawa, ambayo enzi hizo ikiitwa TFDA ndo ilikuwa ya kwanza Afrika kufikishwa levo ya 3 na WHO, shirika la afya duniani, yaani usimamizi wake wa dawa ni imara, mwaka 2018. Hawa si watu wa kubahatisha.

Ombi langu kwa madaktari, andikeni jina la dawa yenyewe kwenye cheti, sio jina la boksi. Na nyie Mhariri ile kurasa ya afya mtupe hata kakona, hataza ya dawa fulani imeisha, jina lake halisi ni hili, ulizeni.

Mama nilimwambia ukweli. Akaligeuza boksi jipya mkononi, akauliza mbona vya sasa ni vyeupe tu havina alama. Wiki mbili baadaye akapima presha zahanati, iko palepale ilipokuwa.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya