Msitufutie somo hili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyetaka makroikonomia dainamiki, yaani somo la jinsi uamuzi wa leo unavyoubadilisha uchumi wa kesho, iondolewe kwenye shahada ya uzamili ya uchumi, kwa madai kuwa ni hesabu za Wazungu zisizomsaidia mkulima. Mimi nasoma uzamili, kwetu ni Newala, na mkulima anayemsema ni baba yangu.

Fedha ya korosho humfikia baba baada ya mnada, kupitia chama cha msingi, na ndiyo ya mwaka mzima. Hapo hapo aamue: kiasi gani kiliwe, kiasi gani kiwe ada, na kiasi gani kisiguswe mpaka Juni, mikorosho inapoanza kuchanua na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, unadai dawa ya salfa. Akiila hela ya salfa, msimu ujao hana cha kupeleka ghalani. Mlinganyo wa Euler wa somo hili, unaowatisha wengi, unasema jambo hilo hilo: shilingi ya mwisho unayoitumia leo ikufae sawasawa na vile ambavyo ingekufaa kesho kama ungeiwekeza. Baba hajawahi kuuona ubaoni, ila kila msimu anaufanyia kazi.

Taifa nalo lina uamuzi wa namna hiyo. Mwaka 1928 Frank Ramsey, Mwingereza wa miaka 25, aliuliza nchi iweke akiba sehemu gani ya pato lake. Wachumi David Cass na Tjalling Koopmans walilirudia swali hilo mwaka 1965, na bado ni msingi wa somo. Ramsey alishikilia kuwa kuyapa uzito mdogo maisha ya watakaozaliwa, kwa sababu tu bado hawajafika, hakuteteeki kimaadili. Nikifika hapo naiwaza gesi ya Mnazi Bay, huku kwetu Mtwara. Ikishachomwa, basi. Mchumi John Hartwick alionyesha mwaka 1977 kwamba, kwa masharti fulani, nchi inayochimba mali isiyojirudia inaweza kuwaachia wajukuu maisha yasiyopungua ya leo, mradi faida yote ya uchimbaji iwekezwe kwenye mitaji mingine. Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi mwaka 2015, ikaanzisha na mfuko wake. Nani wa Mtwara na Lindi atahoji kiasi kinachowekwa humo, na kwa hesabu ipi, ikiwa somo lenyewe tumelifuta?

Kuhusu ufundishaji, hapo msomaji wenu kasema kweli, na inaniuma. Tulinakili Hamiltoni, fomula ya kutafutia uamuzi bora wa muda mrefu, kutoka ubaoni, tukaikariri, tukafaulu mtihani bila kujua inatuambia nini juu ya nchi yoyote. Wenzetu walioingia bila kalkulasi ya kutosha walikata tamaa mapema, na hawakuwa wavivu hata kidogo. Vyuo viwape wiki chache za hisabati kabla ya muhula kuanza. Kisha waleteeni kwenye kompyuta bei za minada ya korosho, wapige hesabu ya kaya ya Tandahimba: ifanye nini bei ikianguka msimu mmoja tu, na ifanye nini ikianguka moja kwa moja? Anguko la muda, kaya yenye akiba itakula akiba. Anguko la kudumu, lazima ipunguze matumizi tangu sasa. Mwanafunzi akiyaona hayo kwa namba alizozikokotoa mwenyewe, hatakariri tena.

Wahadhiri wa uchumi mnaosoma gazeti hili, naomba muanze na zoezi hilo muhula ujao.

Mwanafunzi wa uzamili,
Chikongola, Mtwara