Wageni wafundishwe kupiga hodi vichochoroni mwetu

Mhariri, asalaam aleikum. Naomba nafasi kidogo gazetini kwako maana hii kitu imenikaa rohoni tangu nirudi safari.

Nlikuwa Hamburg, Ujerumani, kwa dada yangu, siku moja akatukusanya watu kumi, karibu wote wa huku Pwani, akasema leo twenda Lübeck turudi jioni. Kule kuna tiketi moja ya treni yatosha watu watano siku nzima ila siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi, basi tukanunua mbili tukakaa stesheni na thamosi ya chai tukingoja saa, na safari yenyewe hata saa nzima haifiki.

Lübeck mji wa kale umezungukwa na maji kama Amu (Lamu) yetu, na uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 1987, sisi tuliingia 2001. Ukifika wapokewa na Holstentor, lango la minara miwili minene ya matofali lililomalizwa 1478, imeinama kwa vile chini ni kinamasi, mwenzetu mmoja akasema yafanana na wazee wawili walotoka karamuni wameshiba pilau. Pembeni yapo maghala ya chumvi, maana mji ulitajirika kwa majahazi na bahari, hilo sisi hatuna haja ya kuelezwa. Kanisa la Marienkirche lilipigwa mabomu 1942 kengele zikaanguka toka mnarani, mpaka leo vipande vimeachwa pale pale chini vilipoangukia. Nlisimama hapo muda.

Lakini kilichonileta kwako ni vichochoro. Wao waviita Gänge, vimebaki kama 90 hivi, waingilia chini ya nyumba ya mbele umeinamisha kichwa kisha watokea kwenye vijumba vidogo vidogo na maua mlangoni. Mwenye kutuongoza akatwambia zamani upana ulipimwa jeneza lipite. Sote tukacheka, si kwetu ni punda wawili wenye mizigo wapishane! Hapo tukajisahau, kelele juu, simu juu, na mimi mwenyewe nikasogea dirishani nikapiga picha meza ya mtu na kikombe chake cha kahawa bado chatoa moshi. Bibi mmoja akafungua dirisha akanitazama tu, hakusema neno. Yule kiongozi akanivuta kando akanambia kwa upole hapa watu wanaishi, ukiingia punguza sauti, na ndani ya nyumba hapapigwi picha. Wallahi nliona haya, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa njoo Amu. Makundi yashuka na boti asubuhi, waonyeshwa ile posta ya Wajerumani ya 1888 dakika tano, kisha watu ishirini kwa mpigo waingizwa Mkomani, mtaa wetu, na anowaongoza yuko mbele kule na simu yake. Mwezi uliopita shangazi yangu alikuwa amekaa dakani, kile kiukumbi cha mlangoni, ameteremsha buibui apate hewa, akatahamaki kamera tatu usoni, mmoja amepanda hadi kwenye baraza! Mimi siwalaumu wageni sana, mimi pia nlikuwa mgeni na nkafanya yayo hayo, tofauti ni kwamba mimi nlikuwa na mtu wa kunivuta kando.

Kwahivo naomba kaunti na wenye kuongoza watalii wakae pamoja, kundi likizidi watu kumi ligawanywe, na kabla ya kuingia kichochoroni mgeni aambiwe daka ni sehemu ya nyumba, apige hodi na aulize kabla ya picha. Hayo hayahitaji bajeti wala semina ya hoteli.

Shangazi siku hizi alasiri akaa kiwandani, yaani uani ndani ya nyumba, mlango ameutia komeo.

Mkaazi wa Mkomani,
Lamu