Kwa mpwa wangu aliyesema kiongozi huwekwa na Mungu

Mpwa wangu,

Nilikuwa kwenye benchi la nyuma Jumapili ile uliposimama kutoa shukrani baada ya kula kiapo cha udiwani. Uliongea vizuri, nami nilifurahi kukuona pale mbele. Ukafika mahali ukasema kiongozi huwekwa na Mungu, hivyo anayesimama kumhoji anashindana na Aliyemweka. Vigelegele vikapigwa, cha mama yako kikitangulia. Mimi nilikaa kimya, mikono juu ya magoti. Tangu siku hiyo neno lile halijanitoka kichwani. Nakuandikia hadharani kwa sababu ulilisema hadharani, na kwa sababu nimelisikia misibani, kwenye harambee na kwenye mabaraza ya Idi, na kila mara anayelisema ni mwenye madaraka au rafiki wa mwenye madaraka. Sijamsikia hata mara moja mama muuza mboga akilisema baada ya meza yake kuvunjwa.

Najua umelitoa wapi. Warumi 13 naisoma pia. Lakini isome pamoja na Samweli wa Kwanza, sura ya 8. Wazee wa Israeli wanamfuata nabii Samweli kule Rama, wanataka mfalme kama mataifa mengine. Mungu anakubali, lakini anaagiza kwanza waonywe. Basi Samweli anawapa orodha: mfalme atawatwaa wana wenu wakimbie mbele ya magari yake, atawatwaa binti zenu wawe wapishi na waokaji, atayatwaa mashamba yenu yaliyo mazuri awape watumishi wake, atatwaa sehemu ya kumi ya mbegu zenu. Mwisho mtalia kwa ajili ya mfalme mliyemchagua wenyewe. Hesabu neno "atatwaa" limerudi mara ngapi. Hayo ni maandiko matakatifu, nayo yanamkagua mtawala hata kabla hajaketi kitini.

Na baba yako mkubwa, ambaye ni Mwislamu, akikusikia atakukumbusha Abubakar. Mwaka 632, alipopewa uongozi baada ya Mtume kufariki, aliwaambia watu kwamba ametawalishwa juu yao ilhali si mbora wao. Akifanya vyema wamsaidie, akikosea wamnyoshe. Huyo ndiye khalifa wa kwanza, na maneno hayo alianza nayo siku ya kwanza.

Sasa nije kwa Mwalimu, kwa sababu ulimtaja. Ulisema Nyerere alitawala kwa hofu ya Mungu, na nchi ikatulia. Nusu ya kwanza naikubali kwa moyo wote. Alibatizwa Desemba 1943, akiwa na miaka 21, kijana mkubwa mwenye akili zake, mtoto wa chifu wa Wazanaki aliyeichagua imani mwenyewe. Misa aliihudhuria karibu kila siku hadi uzeeni, na leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Lakini tazama mtu huyo mcha Mungu alifanya kazi gani ya mkono wake usiku, baada ya mafaili ya Ikulu kufungwa.

Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miaka mitatu ya uhuru, alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Kaizari, kisha akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Yeye aliizungumzia kama kazi ya lugha, kwamba Kiswahili kitapanuka kadiri kinavyotumiwa. Namwamini. Hata hivyo Shakespeare ana michezo zaidi ya thelathini, ya mapenzi, ya vichekesho, ya wachawi. Rais kijana, mwenye nchi nzima mkononi, akaokota ule wa mtawala anayependwa na watu, ambaye marafiki zake wanaogopa kwamba mapenzi hayo yatamvika taji. Sioni kama ni bahati tu.

Nilisomesha kitabu hicho miaka mingi. Kuna mahali Brutus, rafiki wa Kaizari anayeshawishiwa kumuua, yuko bustanini kwake usiku, anajadiliana na nafsi yake. Hana kisa na Kaizari. Anakiri hajawahi kuona hisia za Kaizari zikiishinda busara yake. Swali lake ni moja: akipewa taji, tabia yake itageukaje? Darasani nilikuwa nawasimamisha wanafunzi hapo hapo. Wengi walisema Brutus mkosefu, humuui mtu kwa kosa ambalo hajalitenda. Na ni kweli, alikosea, na Roma ikateketea. Lakini swali lenyewe ni halali. Brutus alilijibu kwa kisu kwa sababu aliona hana njia nyingine. Kazi ya siasa, tangu Waathene hadi sisi, imekuwa kulitafutia jibu lisilo kisu: muda wa kukaa madarakani, uchaguzi, mahakama, bunge lenye meno, mkaguzi wa hesabu, gazeti. Kila kimoja kati ya hivyo kinamwambia kiongozi mwema: hatuna kisa nawe, ila hatujui kiti kitakugeuzaje.

Mwalimu alilijua hilo, na hapa ndipo ninapoumia, maana alilijua kuliko wengi na bado kiti kilimvuta. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, aliandika kwamba vijiji vya ujamaa havijengwi kwa nguvu, watu washawishiwe kwa mfano. Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Mamilioni ya watu wakahamishwa, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Aliyeiandika nasaha na aliyeitoa amri ni mtu mmoja, mwenye rozari ileile mfukoni. Hofu ya Mungu alikuwa nayo mwaka 1967, na mwaka 1973 alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu au chombo cha kumwambia: Mwalimu, hapana.

Yeye mwenyewe alikiri kwamba Katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Ulivyoongea wewe kanisani, ungemjibu: usijali, Mungu ndiye aliyekuweka. Mimi nadhani jibu hilo lingemchukiza. Mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll kule New York, alikataa kumwaza Mungu aliye fukara, mjinga, mwoga na mwenye kuonewa, kwa kuwa binadamu ameumbwa kwa mfano Wake. Akaliambia Kanisa lisimame na walalahoi dhidi ya mifumo inayowakandamiza, la sivyo dini itabaki kuwa ushirikina wa waoga. Soma hotuba ile taratibu. Sura ya Mungu anaiona kwa mtu wa chini, yule anayetawaliwa. Wewe uliiweka kwa anayetawala. Tofauti yetu mimi nawe iko hapo tu, mpwa wangu, ila ni kubwa.

Ndiyo maana Azimio la Arusha, pamoja na makosa yote yaliyolifuata, lilikuwa na kile kipengele cha masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hakusema viongozi wamche Mungu yatosha. Ile ahadi ya mwanachama wa TANU, chama chake Mwalimu, kwamba cheo ni dhamana na sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu, iliwekewa masharti yanayohesabika. Masharti hayo chama kiliyalegeza katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991, na sijaona mahubiri yoyote yaliyoweza kujaza pengo lake.

Kuna jambo jingine ambalo halihusu udiwani wako sana, ila nalipenda mno siwezi kuliacha. Uzeeni Mwalimu alizigeuza Enjili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapishwa na Ndanda-Peramiho mwaka 1996. Fikiri: Mkatoliki wa Butiama anachukua utenzi, chombo kilichochongwa na Waislamu wa pwani kwa karne nyingi kusifu Mitume na kufundisha wana wao, anamsimulia Yesu ndani yake. Kwetu fasihi inafanya kile ambacho Katiba imekiandika, kwamba nchi haina dini bali watu wake wanazo, na wanakutana mahali pasipo pa dhehebu moja. Pwani hiyo hiyo ilikuwa imeshawaonya wenye vyeo zamani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake Al-Inkishafi, anaulizia matajiri na wakubwa wa mji wa Pate: majumba yao ya taa na mazulia yamekuwa ya popo, na vile vidaka vya kuwekea sahani za kigeni, ndege wametagia humo. Shekhe yule aliijua Qurani vizuri, na hakuona popote kwamba cheo cha wakubwa wale kilikuwa kinga.

Nirudi kwako. Katiba uliyoapa kuilinda, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Kura zako nilizishuhudia zikihesabiwa kwa taa ya chemli kwenye darasa la shule ya msingi. Waliokuweka nawajua kwa majina. Ukimshukuru Mungu kwa kura hizo ni haki yako, nami nitakuitikia amina. Ila mwezi ujao kuna mkutano mkuu wa kijiji, na taarifa ya mapato na matumizi ya zahanati haijasomwa tangu mwaka jana. Kuna kijana pale, unamjua, mwenye daftari, atasimama kuuliza mabati yamekwenda wapi. Usimwambie anampinga Mungu. Msomee taarifa.

Nakala yangu ya Juliasi Kaizari nimempa mama yako akuletee. Jalada limetoka, kurasa ziko kamili. Usianze na hotuba ya Antony, mfuasi wa Kaizari, mbele ya maiti, kila mtu anaikimbilia hiyo, ile anayoupungia umati wosia wa Kaizari na kuwaahidi kila raia fedha taslimu. Fungua tendo la nne, onyesho la kwanza. Umati umeshachoma nyumba, umeshamuua mshairi Cinna kwa sababu tu jina lake linafanana na la mtu mwingine. Antony amekaa na wenzake wawili wanapanga nani afe. Kisha anamtuma mmoja akaulete ule wosia, waone namna ya kupunguza walichowaahidi watu.

Ukimaliza hapo nipigie simu.

Mjomba wako