Kichanga asipewe maji ya glukosi

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaokwenda kumwona mzazi wodini. Ndani ya kikapu kuna chupa ya chai, mtori, na mara nyingi pakiti ya glukosi na kijiko kidogo. “Maziwa hayajatoka, mtoto ana njaa.”

Maziwa yapo. Siku mbili tatu za kwanza hutoka dang'a, ya njano, nzito, kidogo tu, na tumbo la mtoto nalo bado ni dogo. Dang'a hiyo ndiyo kinga yake. Akijazwa maji ya sukari au maziwa ya kopo analala, hanyonyi, na titi lisiponyonywa mwili hupunguza kutengeneza maziwa. Baada ya siku chache mama anaambiwa hana maziwa, kumbe ni kile kijiko. Inaniuma, maana anajilaumu yeye.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, na asipewe kitu kingine, hata maji, hadi miezi 6. Wapo wanaohitaji nyongeza, kama baadhi ya watoto njiti au walioshuka sukari. Hilo aamue mtaalamu, na mama asaidiwe kukamua.

Nawaomba wakuu wa wodi wahakikishe kila mzazi mpya anakaa na muuguzi anaponyonyesha mara ya kwanza, hata iwe usiku wa manane. Na kliniki ziwaite bibi na mama wakwe kwenye mafunzo, kwani mara nyingi wao ndio wanaoshika kijiko.

Mkunga mstaafu,
Morogoro