Kwa vijana wa stage ya boda Kondele: mnamtafuta Einstein wapi?

Vijana wangu hamjambo. Juzi nilikuwa hapo stage nangoja mvua ipungue nikawaskia mkibishana, mmoja akasema majiniasi waliisha na Einstein, siku hizi ni watu wa TikTok tu. Nikanyamaza maana mzee akidakia stori ya vijana inakufa, lakini usiku usingizi ulikataa.

Mnatafuta mtu mmoja mwenye nywele timutimu, hapo ndipo mnapotea. Mwaka wa 1905 Einstein alikuwa amekaa ofisi ya kusajili uvumbuzi kule Bern, kalamu na karatasi zikamtosha. Maswali ya leo mengine hayaishi hivyo. Ripoti ya 2015 ya kupima uzito wa Higgs, chembe ndogo kuliko atomu, ina waandishi 5,154, kurasa 33, na 24 kati ya hizo ni orodha ya watu na vyuo vyao tu! Jiniasi yuko humo ndani, sura yake sasa utaitoa wapi.

Wengine tunawakalia wenyewe. Mwanasayansi Katalin Karikó alishushwa cheo chuoni Marekani 1995, akang'ang'ana hivyo hivyo na mRNA yake, ule ujumbe unaoiambia seli itengeneze protini gani, ikaja kutoa chanjo ya korona, Nobel akapewa 2023.

Na msidhani ni mambo ya ng'ambo. Dada yangu huko Mbita kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi, ilikuwa inamalizia mahindi, siku moja nikamkuta amepanda mmea wa desmodiamu katikati ya mistari na nyasi za nepia kuzunguka shamba, nikamcheka eti analima magugu. Kumbe harufu ya desmodiamu inafukuza nondo wa kutoboa mabua, nepia inawaita pembeni, halafu mizizi ya desmodiamu inaidanganya kayongo iote mapema ife bila kushika mahindi. Hiyo ni kazi ya Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichoanzisha Mkenya Thomas Odhiambo 1970, wakisaidiana na Waingereza wa kituo cha kilimo cha Rothamsted. Nilikula kicheko changu na ugali wake.

Sasa yule mwenzenu anayefungua kabureta kila jioni akichora kwa daftari kwa nini pikipiki fulani inakunywa mafuta, mnamwita profesa kwa dharau na taa mnamzimia. Mwacheni akae na hilo swali hata kama ni miezi. Na ile spana yangu namba 10 mliyoazima tangu Krismasi mpeni yeye, nikija kuidai nitamuuliza kabureta imesema nini.

Mwalimu wenu mstaafu