Begi la dharura lifungwe kabla ya mvua za Novemba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wakazi wa Dodoma, Singida na Manyara kuhusu begi la dharura, yaani mzigo mdogo unaokaa umefungwa, ambao mtu anaunyakua na kutoka nao pale nyumba isipokalika tena. Sisi ni wakufunzi wa huduma ya kwanza. Orodha nyingi za begi hili zinazozunguka kwenye simu zinamfaa mtu mwenye gari mlangoni na saa kadhaa za kujiandaa. Huku kwetu hali si hiyo.

Mvua za kanda ya kati ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na mara nyingi humwagika kwa nguvu juu ya ardhi ngumu isiyonywa maji haraka. Korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linaweza kujaa jioni kwa mvua iliyonyesha mlimani, wakati kijijini halijadondoka hata tone. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliharibu Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, wilayani Mpwapwa, safari za abiria zikasimama kwa miezi. Jumapili ya 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliporomokea mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Katika hali kama ile hakuna muda wa kupekua kabati kutafuta cheti cha mtoto.

Kwa hiyo tunaanza na uzito, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtu mzima mwenye afya abebe kilo 8 hadi 10, basi. Atatembea kwenye utelezi, gizani, pengine huku amemshika mzee mkono. Mtoto wa shule ya msingi zinamtosha kilo 2 au 3: chupa ya maji, sweta, filimbi, na karatasi yenye jina lake na namba za simu za ndugu wawili. Ukishafunga begi, lipime kwenye mzani wa dukani, kisha livae utembee nalo nusu saa. Kamba zikikata mabega, toa kitu. Na mama mwenye mtoto mchanga afikiriwe mapema: mtoto akiwa kwenye mbeleko, mgongo umeshachukuliwa, begi la mgongoni litavaliwa wapi? Huyo apewe mfuko wa kuning'iniza begani unaokaa ubavuni, usiozidi kilo 4, na vitu vingine wagawane waliobaki. Suala hili husahaulika karibu kila nyumba, na linagunduliwa siku ya kukimbia.

Maji yanataka hesabu. Mtu anahitaji walau lita 3 kwa siku za kunywa na matumizi madogo. Familia ya watu watano kwa siku tatu ni lita 45, yaani kilo 45, na hakuna anayekimbia na mzigo huo. Kila mtu mzima abebe chupa mbili za lita moja na nusu, na nje ya begi afunge dumu tupu la lita 5. Ndani ya begi ziwekwe pakiti za vidonge vya kutibu maji. Soma pakiti kabla ya kununua, kwa sababu vipo vya lita 20 na vipo vya kiasi kidogo zaidi. Kidonge cha lita 20 hakigawanyiki vizuri kwa vidole, na ukikitumbukiza kizima kwenye dumu la lita 5 maji yatakuwa makali mno. Chagua vinavyolingana na chombo chako.

Baada ya mafuriko visima na mabomba huingiwa na uchafu wa vyoo vya shimo, na maji yenyewe huwa rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo hula klorini, kwa hiyo kidonge ukikitia moja kwa moja nguvu yake huishia kwenye tope na vijidudu vinabaki. Acha maji yatuame, yamimine taratibu kupitia kanga safi iliyokunjwa mara nne, kisha tia kidonge na usubiri dakika 30. Maji yakiwa bado na ukungu, fuata kipimo cha maji machafu kilichoandikwa kwenye pakiti. Beba pia pakiti sita za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha. Pakiti moja ni ya lita moja kamili ya maji. Kuna wanaoikoroga kwenye glasi kwa kuwa inaonekana ndogo, na hilo ni hatari kwa mtoto anayeharisha, kwani chumvi inamzidi.

Chakula kisihitaji moto. Unga wa ugali haufai humu, wala mlenda mkavu, kwa kuwa kuni zote zitakuwa zimelowa. Kanda yetu imebarikiwa vyakula vinavyofaa: karanga za kukaanga nusu kilo, zabibu kavu robo kilo, ubuyu, kashata za ufuta, chupa ndogo ya asali (asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja). Karanga zibadilishwe kila baada ya miezi miwili kwa sababu mafuta yake huchacha kwenye joto. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupwe, na kuku wasipewe. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara, na kukaanga hakuiondoi.

Nyaraka ndizo zinazowatesa watu muda mrefu baada ya maji kuondoka. Weka pamoja kitambulisho cha taifa au karatasi yenye ile namba yake ya tarakimu 20, vyeti vya kuzaliwa, kadi za bima na za kliniki, vyeti vya shule, hati au barua ya kiwanja. Mahali pazuri pa kuzikinga ni nailoni ya ndani ya mfuko wa kinga njaa, ule wa kuhifadhia mahindi. Ni nzito na inapatikana hata minadani. Chukua ambayo haijatobolewa na wadudu, weka nyaraka chini kabisa, kamua hewa, sokota mdomo wake, ukunje mara moja, kisha funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kabla ya kuiamini, ijaribu: weka gazeti kavu ndani, funga vilevile, uizamishe kwenye ndoo ya maji kwa dakika kumi huku umeikandamiza na jiwe. Gazeti likitoka na unyevu, hata kwenye kona tu, tafuta nyingine. Nakala zipigwe picha kwenye simu, na seti moja ya kopi ikae kwa ndugu wa mkoa mwingine.

Dawa za presha, kisukari, kifua kikuu na ARV ziwekwe za siku saba. Usizitenge na kuzisahau. Kila ukichukua dawa mpya kliniki, zile mpya ziingie begini na za begini zitumike nyumbani. Insulini haikai begini kwa joto la Dodoma. Hiyo, pamoja na miwani, simu na chaja, iandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa kutokea, ili anayenyakua begi aisome akiwa njiani. Ongeza pedi, sabuni, bandeji mbili, plasta, na glavu jozi mbili. Chandarua kimoja hakina uzito wa maana, na mbu huzaliana kwa wingi kwenye madimbwi.

Tochi ya kichwani ni bora kuliko ya mkononi. Betri zisikae ndani yake, kwani zikivuja huitia kutu na haitawaka tena. Zifunge kwenye karatasi kando. Taa ya sola na betri ya akiba ya simu huishiwa chaji zikikaa gizani, basi zichajiwe kila mwezi. Redio ndogo ya betri itakupa taarifa minara ya simu ikizima. Fedha taslimu ziwe noti za 1,000 na 2,000, maana mtandao ukikatika wakala hana msaada na mwenye duka hana chenji. Kanga mbili, shuka moja, turubai la mita 2 kwa 3 na kamba ya mita 10 vinatosha kwa kulala.

Viatu vikae chini ya kitanda. Kandambili hunaswa na tope hatua ya kwanza, na chini ya tope kuna misumari na mabati. Mabuti ya mvua nayo maji yakiyapita juu hujaa na kukuvuta. Raba za kufunga kamba ndizo salama.

Begi litundikwe karibu na mlango wa kutokea, juu ya usawa wa kiuno. Wanaoishi kwenye tembe, nyumba ya jadi yenye paa bapa la udongo, wasiliweke chumba cha ndani kabisa. Udongo wa dari ukinywa mvua ya siku mbili tatu uzito wake huongezeka sana, na boriti zilizoliwa na mchwa hazihimili. Ukisikia mlio wa mbao, ukaona udongo unadondoka au ufa mpya kwenye kona, toka hapo hapo hata kama mvua imekatika. Vivyo hivyo kwa nyumba za matofali mabichi: maji yakisimama kwenye msingi, ukuta huyeyuka kutoka chini wakati juu unaonekana mzima.

Unapotoka, zima swichi kuu ikiwa tu umesimama pakavu, funga mtungi wa gesi, fungua zizi mifugo ijiokoe. Usifuate korongo kwenda chini wala kujikinga kwenye kalavati. Katiza pembeni, panda. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 huchukua magari mengi. Daraja likiwa limefunikwa, hata dereva wa basi akisema linapitika, shuka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa Angalizo kwa rangi ya njano, Tahadhari kwa rangi ya chungwa na Tahadhari Kubwa kwa nyekundu. Njano ikitoka, jaza maji mapya na kagua betri. Chungwa ikitoka, lala na nguo za kutembelea. Wenye wazee au wagonjwa wasiotembea wasisubiri nyekundu. Wawapeleke kwa ndugu walio mwinuko mchana kungali na mwanga. Namba za kuandika kwenye karatasi ni 114 ya Zimamoto na 112 ya Polisi.

Tunalo ombi kwa wenyeviti wa mitaa na vijiji. Begi lisilo na mahali pa kwenda linamfikisha mtu barabarani tu. Kwenye mkutano wa Oktoba watangaze eneo la juu ambalo watu watakusanyika, njia ya kufika huko isiyovuka korongo, na kama ni shule, nani anashika ufunguo wa madarasa usiku.

Wakufunzi wa huduma ya kwanza,
Dodoma.