Barua ya wazi kwa vijana wangu wa Mbeya mnaoanza programu: hiyo lupu itasimama lini?

Wanangu na wajukuu zangu mnaokutana jioni pale Soweto na laptop zenu, shikamoo zenu zimenifika, marahaba. Wiki tatu sasa nakaa nyuma ya kile chumba nawaangalia tu, na kuna jambo limenikaa moyoni nikaona bora niwaandikie wote kwa pamoja, na wenzenu wa Iringa na Njombe wanaoanza kama nyie wasome pia.

Mnaandika haraka mno. Mtu akishajua `for` na `while`, yale maneno ya kutengeneza lupu, yani mistari inayorudiwa tena na tena, basi anashusha mistari kumi, anaiendesha, ikitoka namba anafurahi anasonga mbele. Hamna hata mmoja aliyeweza kuniambia kabla hajaiendesha kwamba hii lupu itazunguka mara ngapi na kitu gani kitaisimamisha. Mimi naomba hilo tu, mengine mtayapata wenyewe.

Chukueni kazi ya kupakia viazi kwenye lori pale Uyole. Kijana anabeba gunia, karani anapiga mstari kwenye daftari, kijana anarudi kuchukua lingine. Anajuaje kuacha? Ama ameambiwa abebe magunia 80, hiyo ndio `for`, ama ameambiwa abebe mpaka rundo liishe, hiyo ndio `while`. Sasa `while` inataka kitu kimoja, kwamba kila mzunguko rundo lipungue. Angalieni hii, nimeikuta kwa wawili wenu:

```
gunia = 1
while gunia <= 10:
    print(gunia)
```

Someni taratibu. Nani anaongeza gunia? Hamna. Itaandika 1, 1, 1, mpaka feni ya laptop ianze kulia na itabidi ubonyeze Ctrl na C kuikatisha. Ilitakiwa pale chini, ndani ya lupu, kuwe na `gunia = gunia + 1`. Na hata ukiuweka huo mstari alafu juu yake ukaweka `continue`, ikifika hapo inarudi juu bila kuongeza kitu, kwa hiyo uko pale pale.

Na msifikiri haya ni ya wanaoanza peke yao. Tarehe 31 Desemba 2008 vile vidude vya kusikilizia muziki vya Microsoft vilivyoitwa Zune, aina ya GB 30, viliganda kwa wakati mmoja kwa watu wengi sana. Ndani yake kulikuwa na lupu ya kutafuta mwaka kutoka kwenye idadi ya siku: wakati siku zimezidi 365, angalia kama mwaka ni mrefu, yani wa siku 366, kama ni mrefu na siku zimezidi 366 basi toa 366 uongeze mwaka mmoja, kama sio mrefu toa 365 uongeze mwaka mmoja. Inasomeka vizuri kabisa. Ila 2008 ulikuwa mwaka mrefu na siku ile ilikuwa ya 366 kamili, yani imezidi 365 lakini haijazidi 366, hakuna kinachotolewa, lupu inarudi juu na siku zile zile 366, inazunguka hivyo hivyo mpaka betri inakata. Kesho yake vikachajiwa vikafanya kazi kama kawaida maana tarehe ilishabadilika. Siku moja tu ndani ya miaka minne, na hamna aliyekaa na karatasi akaipitisha namba 366 kwa mkono.

Sasa la kwangu, hili linaniuma mpaka leo. Mimi nilijifunza programu kwa BASIC, lugha ya zamani ya kompyuta, na kule ukiandika FOR I = 1 TO 8 inahesabu mpaka 8, na hiyo 8 imo. Nikaja kwenye Python, hii lugha mnayoandika nyie, uzeeni na mazoea yale yale, chama kimoja cha wakulima wa kahawa huku kwetu kikaniomba niwatengenezee kitu cha kujumlisha mizani, nikaandika `for i in range(1, idadi)` alafu nikawa nachukua `mizani[i]`, yani uzito wa gunia namba i kwenye orodha. Kwenye Python orodha inaanza na sifuri, na `range(1, 8)` inaishia 7. Kwa hiyo mkulima mwenye magunia 8 programu inachukua la pili mpaka la nane, la kwanza linaachwa. Ingegoma ningeona, lakini makosa mawili yalikutana yakafichana, haikugoma hata kidogo, ikatoa jumla nzuri inayofanana na kweli. Aliyegundua ni bibi mmoja aliyekuwa anapima kichwani, akasema mbona kilo zangu ni za magunia saba. Watu walikuwa wamepunjwa jasho lao na mimi ndio nilikuwa nimeandika. Tulirudia hesabu zote kwenye daftari usiku kucha.

Ningejaribu na mkulima wa gunia moja tu ningeliona palepale, maana `range(1, 1)` ni tupu, jumla ingetoka sifuri. Ndio maana nawaambia kabla ya magunia 80 jaribuni na orodha tupu, kisha gunia moja, kisha mawili. Na kama huhitaji namba ya gunia usiiguse kabisa, andika `for kilo in mizani:` na chini yake `jumla = jumla + kilo`, hapo huna pa kukosea mwanzo wala mwisho.

Kwenye `if`, yani "kama", tabia ni ile ile, Python inasoma kutoka juu na ikipata sharti la kwanza la kweli haiangalii mengine. Kuna kijana kaandika kama kilo zimezidi 50 ni gunia la kawaida, alafu `elif`, yani "la sivyo, kama", kilo zimezidi 100 ni lumbesa. Gunia la kilo 120 limezidi 50, basi limeitwa la kawaida na lumbesa haitakamatwa milele. Kubwa lianze juu.

Kwenye BASIC ya zamani tulikuwa na GOTO, unaruka mstari wowote unaotaka, na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1968 aliandika barua kwenye jarida la wanakompyuta kuipinga kwa sababu mtu akisoma hawezi kufuata programu imefika wapi. Leo GOTO hamnayo, mna bahati, ila nyie mnaharibu bahati hiyo kwa kukopi mistari ambayo hamjawahi kuifuata kwa kidole.

Jumamosi njooni na karatasi na kalamu, laptop ziacheni nyumbani. Chora safu tatu: siku, mwaka, na kama sharti ni kweli au sio. Anzeni na siku 366 mwaka 2008, mzungushe mara tatu kwa mkono, alafu mniambie ni mstari gani mngeongeza kwenye ile lupu ili itoke.